Siku Niliyoisikiliza Mita ya Bi Mwanahawa

Leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima ambao hata jina langu haulijui. Sasa wana jina la kuniita, na sikulichagua mimi. Wenzangu wa kijiwe cha Tandale, nawaandikia mapema kabla habari hazijawafikia kwa wauza mkaa, maana najua zikifika huko zitakuwa zimeota mkia na pembe.

Ila kabla hamjaanza kucheka, jueni kitu kimoja. Nilikuwa sahihi. Someni mpaka mwisho mtaona.

Asubuhi nimetoka Tandale bila mpango wowote. Mke wa Side amerudi kutoka kwao Mahenge, na chumba cha Side mnakijua: wawili wakilala, wa tatu anasimama. Nikakunja nguo zangu, nikabeba na mfuko wangu wa vyuma (Side anauita mfuko wa takataka, na leo nusu ya Pugu inakubaliana naye), nikaaga. Sokoni nikakuta lori limeshusha mkaa, linarudi tupu. Dereva akaniuliza naelekea wapi. Nikamwuliza yeye anaelekea wapi. Akasema Pugu. Nikamwambia basi hata mimi ni huko huko. Watu wengine hupanga maisha yao. Mimi humwuliza dereva.

Nimeshuka Pugu mweusi kama niliyechomwa pamoja na magunia. Nikanawa bombani, nikaanza kuulizia chumba. Kila niliyemwuliza alinielekeza kwa Bi Mwanahawa, mjane mwenye nyumba ndefu ya kupangisha karibu na reli. Nimemkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia. Akaitika marahaba bila kuinua uso, akasema chumba kipo na hakipo.

"Kipo na hakipo vipi, mama?"

"Kina mtu. Lakini yule mtu anaondoka leo, kama mambo ni hivyo wanavyosema."

Mambo yenyewe akanieleza, na mimi nawaeleza nyinyi kwa ufupi. Nyumba nzima ina mita moja. Bili ikija wapangaji wanachangia kwa kuhesabu taa: mwenye taa moja fungu moja, mwenye mbili mafungu mawili, mwenye redio anaongeza kidogo kwa heshima. Kupiga pasi ni Jumamosi, kwa zamu. Hita ya kuchemshia maji ni mwiko, hata kuitaja ni kujitafutia maneno. Walikuwa wakiishi hivyo kwa amani mpaka bili ilipoanza kupanda na kukataa kushuka. Mpangaji mmoja, Mwalimu Massawe, mtu wa Kilimanjaro anayefundisha shule ya jirani, akafanya uchunguzi wake na kumpata mkosaji: Dada Tatu wa chumba cha mwisho. Anapika kwa umeme kwa siri, alisema. Ushahidi? Sufuria zake hazina masizi.

Ndiyo. Mwanamke anasugua sufuria zake kwa mchanga na majivu mpaka zinang'aa, halafu anapelekwa kwenye baraza kwa kosa la usafi. Mchana huu balozi wa nyumba kumi alikuwa anakuja kuamua. Akiamua ni yeye, Dada Tatu anafungasha, chumba kinakuwa changu. Akiamua si yeye, mimi natafuta gogo la kulalia.

Hapo mtu mwenye akili angekaa akasubiri. Mimi nikauliza mita iko wapi.

Ilikuwa uani, ukutani, karibu na mlango wa bafu. Nilipoiona moyo ulinipiga. Haikuwa ile mita ya kizamani yenye sahani inayozunguka. Ni hizi mpya, zenye dirisha la tarakimu, na chini ya dirisha ina pete ndogo ya chuma, na ndani ya pete vidoa viwili vyeusi vya kioo, kama macho ya panya.

Nyinyi mnanijua. Shule niliacha mapema, lakini kuuliza sijaacha. Nilipokuwa nafyeka majani kwenye nyumba moja Kinondoni, walikuja watu wa umeme kukagua mita ya namna hii. Mmoja akatoa kitu kama kizibo kikubwa, akakisogeza kwenye ile pete, kikanasa chenyewe, tap! Kina sumaku. Waya ukatoka hapo ukaenda kwenye kimashine cha mkononi, tarakimu zikamiminika, na mita haijafunguliwa hata skrubu moja. Nikamwuliza inakuwaje. Akanijibu kwa kifupi kwamba mita inazungumza kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni, kama rimoti ya televisheni, halafu akanikumbusha majani yangu.

Tangu siku hiyo sikutulia. Fundi redio mmoja wa Manzese akanipa kijicho kilichokuwa kinapokea rimoti kwenye televisheni iliyokufa. Nikakigandisha katikati ya sumaku ya spika mbovu, nikalehemu waya mpaka kwenye redio yangu ya betri. Kimashine cha kusoma tarakimu sina. Lakini redio ina sauti. Nikajiambia, kisichosomeka kitasikika. Kilichobaki ilikuwa kupata mita ya kujaribia, na Tandale ukisimama mbele ya mita ya mtu na waya mkononi, hupewi nafasi ya kueleza.

Basi nikamweleza Bi Mwanahawa. Mita yako inapepesa jicho kila inapohesabu umeme, nikamwambia. Umeme ukitumika kidogo inapepesa polepole, ukitumika mwingi inapepesa haraka. Nikiisikiliza huku vyumba vinazimwa kimoja kimoja, nitakwambia umeme wako unakwenda wapi.

Akanitazama kuanzia miguuni.

"Huchokonoi waya?"

"Sigusi hata skrubu, mama. Naisikiliza tu, kama daktari na kifua."

"Haya. Ukimpata, chumba chako, na mwezi wa kwanza taa hulipi."

Kizibo kikanasa kwenye pete, tap! Nikawasha redio. Kimya. Halafu, wenzangu, nikaisikia. Tik. Kimya. Tik. Nusura nilie. Mita ilikuwa inazungumza na mimi, mtu niliyefukuzwa darasani kwa kumwuliza mwalimu kwa nini sumaku haivuti shaba.

Nikawaambia wawashe taa zote. Tik, tik, tik. Wazime. Tik... tik. Watu wakaanza kutoka vyumbani, wengine wakachungulia juu ya ua. Mwalimu Massawe akaja na shati la kazini, mikono nyuma, uso wa mtu anayesahihisha mtihani. Akaingia chumbani kwake, akachomeka pasi (siku si Jumamosi, Bi Mwanahawa akaguna), na redio yangu ikaenda mbio kama cherehani. Akachomoa, ikapoa. Akachomeka tena, ikaenda mbio.

"Hii ni fizikia," akatangaza, kana kwamba ameileta yeye.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini mlishawahi kuona watu wazima wamewazunguka wanangoja mseme? Mimi nilikuwa sijawahi. Nikavimba. Nikaanza kutumia maneno kama "uchunguzi" na "matokeo ya awali". Nikamwomba mama mmoja asisogee karibu na kifaa.

Mzee Kondo, yule balozi wa nyumba kumi, akaingia akitokea nyumba ya pili, kanzu safi, kofia ya kiua. Akapewa kiti. Nikageuka kumpa shikamoo kwa mikono miwili, kama mnavyonijua nilivyolelewa, na mkanda wa mfuko wangu ukavuta waya, na kizibo kikateleza kwenye mita upana wa kidole. Hilo nalijua sasa. Wakati ule sikuliona. Wala sikuona kwamba jua, lililokuwa nyuma ya paa asubuhi, lilikuwa limehama na kuangukia ule ukuta.

Balozi akaamuru kila kitu kizimwe. Kila mpangaji akachomoa vyake, akafungua mlango, akatoka uani. Nikapandisha sauti ya redio.

Khrrrrr. Kimya. Khrrr, khrrr. Kimya kirefu. Khrrrrrr.

Mtaa mzima ukanitazama. Nami nikafanya nini? Nikanyanyua mkono, nikasema polepole ili balozi asikie kila neno:

"Mzee, kuna mtu anatumia hita sasa hivi. Anaichovya, anaitoa. Anaichovya, anaitoa."

Wakapekua. Wameinua magodoro, wamefungua masanduku, wametazama ndani ya ndoo. Hata kwa Mwalimu wameingia, ametoka amenuna. Hakuna hita. Redio yangu inaendelea kukoroma vipande vipande. Watu wakaanza kunong'ona kwamba huenda si hita, huenda ni mambo mengine, na mama mmoja akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani.

Muda wote huo Dada Tatu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, kidevu mkononi. Mwanamke wa makamo, mpole, anashona vitambaa vya viti. Mambo yalipokuwa yanazidi kuchelewa akainuka, akapita karibu yangu, akaenda kwenye kamba kuanua nguo zake. Akaanua kanga moja.

Redio ikanyamaza. Kabisa.

Jamani. Wekeni kando yote mnayoyajua. Mngekuwa mimi mngesema nini? Mtu amekaa, mashine inakoroma. Mtu ameinuka, mashine imenyamaza. Nikanyoosha kidole, mimi huyu niliyekatazwa na mama yangu kumnyooshea mtu kidole.

"Ndiye. Ana swichi ya siri."

"Sufuria," Mwalimu akasema. "Mie nilisema sufuria."

Dada Tatu hakulia wala hakuapa. Ameitazama redio. Ameitazama kanga mkononi mwake. Amelitazama jua, halafu ukuta. Akairudisha kanga kwenye kamba. Upepo ukapita, kanga ikapepea, kivuli chake kikacheza juu ya mita.

Khrrrrr.

Akaanua. Kimya. Akaanika. Khrrrrr. Akaanua, akaanika, pole pole kabisa, mtaa mzima ukifuata kwa macho, mpaka na mtoto wa mgongoni akaelewa.

"Kaka mgeni," akaniambia, "hii kanga nimeinunua Kariakoo, na hakuna aliyeniambia inakula umeme. Nipigie hesabu ya uniti zake nimlipe Mwalimu."

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia. Bi Mwanahawa alimwaga mchele. Mtu juu ya ua akauliza, kanga huuzwa kwa doti, sasa hii ya pili inakula ngapi? Mwingine akasema yeye ana shuka, anaomba ikaguliwe kabla haijafilisi nyumba. Mwalimu Massawe, mtu wa fizikia, alikuwa amesogea hatua moja mbali nami bila kuonekana anasogea. Na pale pale, sijui nani alianza, likatoka jina: Fundi Kanga.

Sasa niulize mimi. Kazi ya jicho ni nini? Si kuona mwanga? Limepata jua, limeona jua. Limepata kivuli, limeona kivuli. Lina kosa gani? Kosa lilikuwa la upana wa kidole kimoja, na dawa yake ilikuwa kofia. Nikavua kofia yangu hapo hapo, nikakirudisha kizibo sawasawa kwenye pete, nikakifunika.

Tik. Kimya. Tik. Kimya. Tik.

Safi. Ile sauti ya asubuhi. Na kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa kimechomolewa, watu wameapa, milango iko wazi. Nikawaambia wasikilize. Wakacheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya pili ya mchezo. Nikapiga magoti, sikio kwenye spika, jasho linanitoka. Ndipo nikasikia ng'ambo ya ua kitu kikitetemeka kama punda aliyetua mzigo, kikanyamaza.

Redio yangu nayo ikanyamaza.

Nikangoja. Wao wanacheka, mimi nangoja. Baada ya kitambo kile kitu cha ng'ambo kikanguruma tena. Tik. Kimya. Tik.

Nikainua macho. Chini ya ukingo wa bati la Bi Mwanahawa ulitokea waya mweusi, ukavuka ua, ukapita juu ya mgomba, ukaingia ukutani kwa jirani. Kwa jirani kuna duka. Ndani ya duka kuna friji la soda. Mwenye duka alikuwa amekaa kwenye kiti katikati yetu, kanzu safi, kofia ya kiua.

Na mimi, kwa sababu Mungu aliniumba hivi, nikasema.

"Mzee, ni friji lako."

 Wakaangua kicheko tena, safari hii wengine wameshikana mabega. Ametoka kwenye kanga, kaingia kwenye friji! Keshokutwa atasema ni minara ya msikiti! Mwalimu akaniambia kwa sauti ya darasani kwamba kijana wa leo hana haya, anamsingizia mzee wa watu. Bi Mwanahawa alikuwa anaokota mchele wake chini, punje kwa punje, na hakuinua uso hata mara moja.

Mzee Kondo hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alitabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto, akasubiri watulie, akatoa hukumu. Sufuria safi si kosa, Dada Tatu abaki kwenye chumba chake. Bili waendelee kuchanga kwa taa kama ilivyo desturi. Na kile kifaa cha mgeni kisiwekwe tena kwenye mita ya mtu yeyote mtaani, maana kinaleta fitina baina ya majirani.

Wote wakasema Mzee amesema kweli. Wakatawanyika wanapangusa machozi.

Yaani kifaa ndicho kinacholeta fitina. Waya hauleti. Friji halimletei mtu shida. Redio yangu ya betri, isiyokula hata punje ya umeme wa mtu, ndiyo imekatazwa.

Nilikuwa nakunja waya zangu, kichwa chini, Dada Tatu alipokuja kuanua nguo zilizobaki. Nikamwomba radhi. Akaniambia yamekwisha, hajacheka hivi tangu mwaka huu uanze. Halafu akasogea, akashusha sauti.

"Ule waya mie nauona kila nikianika."

"Sasa mbona husemi, dada?"

"Kesi ya umeme hapa anaamua balozi. Kesi ya balozi anaamua nani?"

Akakunja kanga yake mara nne, akaingia ndani. Nimebaki nalitafuta jibu mpaka sasa. Mkilipata huko kijiweni mniletee.

Chumba basi sikupata. Jua linashuka, mfuko begani, nikaanza kutoka. Nyuma yangu nikasikia naitwa, tena kwa upole. Mzee Kondo, mlangoni kwa duka lake.

"Umefikia wapi, kijana?"

"Sijafikia popote, Mzee."

"Mgeni kwenye mtaa wangu halali nje. Nitaulizwa mimi. Kuna stoo hapo nyuma, ina kitanda."

Amesema kwa wema kabisa, wema wa mtu anayetaka uwe mahali anapokuona. Mngekataa nyinyi? Mkiwa na nguo zenye mkaa, hamjui mtu, na gogo lenyewe hamjalipata? Nimekubali. Nimeshukuru, tena mara mbili. Akasema na ule mfuko wangu wa vyuma atanihifadhia yeye, kabatini, usije ukapotea. Kabati lina kufuli.

Kwa hiyo nimepata malazi Pugu. Kitanda cha kamba, kreti za soda mpaka darini, dirisha moja. Ukuta wa upande wa kichwani ni wa mbao tu, na nyuma yake kuna friji. Linanguruma, linatetemeka, linatulia, na kila linapoanza mimi nahesabu tik bila redio. Waya unapita juu ya mto wangu. Wateja wakija dukani wananichungulia kupitia pazia, wanauliza kama Fundi Kanga ameshalala na kama anapokea shuka.

Msicheke. Nimewaambia nilikuwa sahihi. Na mkija kunitazama, ulizeni duka la Mzee Kondo, ila soda agizeni ya moto. Ya baridi analipia Dada Tatu.